Daktari Aliyetibu Kompyuta

Majid ndugu yangu, daktari hakuwa na kalamu. Hakuwa na kile kifaa cha kusikilizia moyo. Hata shikamoo hakuwa nayo!

Nimempeleka shemeji yako Saleha kwenye ile kliniki mpya, miguu imevimba, pumzi zinamkatika. Daktari macho kwenye kompyuta. Anauliza bila kugeuka: "Mama, hedhi ya mwisho lini?"

Hedhi, Majid! Saleha ana miaka sabini na moja!

Saleha akamjibu, "Andika kabla hujazaliwa, mwanangu."

Daktari anasema eti asipojaza, kompyuta haiendelei, na bima hawalipi. Kisha anajihurumia: "Mzee, nilisomea kutibu watu. Siku hizi daktari ni karani tu."

Karani! Mimi nilisoma shule ya usiku nikapata ukarani wa reli, na sikupokea hata gunia moja la tumbaku bila kulitazama.

Nikamwambia, "Mshike mguu!"

Akaubonyeza. Kidole kikaacha shimo, na shimo halikujaa. Hapo ndipo akashtuka, akaita gari la wagonjwa.

Sasa Saleha yuko wodini, hospitali kubwa, kwenye oksijeni. Ni moyo. Wanasema tungerudi nyumbani asingefika asubuhi.

Nimemwandikia mwenye kliniki: amfundishe kijana wake kumshika mgonjwa, au amfukuze.

Saleha ananivuta mkono: "Baba Jihan, msamehe, ni mtoto wa watu."

Nimeilamba bahasha mbele yake, nikaifunga. Bodaboda ameshaondoka nayo.