Kabange, Mtoto wa Pili

Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri na vumbi la mtaa wetu wa Dilala limetulia. Nimelala, binti yangu wa wiki sita kifuani, kichwa kimepoa. Nina amani, na aibu kidogo.

Wiki ya pili baada ya kujifungua, kichwa kilianza kuniuma, kikizidi kila nikilala chali. Nikameza dawa za malaria. Nani Kolwezi anaumwa kichwa asimeze dawa za malaria? Halafu asubuhi moja nikaona watoto wawili kitandani, bega kwa bega, wote wakipiga miayo.

Nilimwambia mama mkwe taratibu, kama mtu anayesimulia ndoto.

“Njo mapasa!” Akapiga vigelegele. “Moya alikuwa anajificha!”

Kwetu Waluba mapacha ni heshima kubwa. Akanipaka pemba, ule udongo mweupe, akaimba nyimbo za mapacha, akampa wa pili jina: Kabange. Siku tatu nilielea humo. Kichwa kilitaka kupasuka, na nilikuwa na furaha.

Ndiyo, furaha.

Jirani yetu muuguzi alikuja kumwona mtoto tu. Aliposikia habari za mapacha, akaniziba jicho moja kwa kiganja. “Mama, unaona batoto ngapi sasa?”

Mmoja.

Akasema nipelekwe hospitali kubwa. Siku ileile mume wangu alinipeleka Lubumbashi, kwenye skana. Daktari akatuonyesha mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye ubongo: damu ilikuwa imeganda ndani yake, shinikizo likajaa kichwani hadi likaubana mshipa wa fahamu unaogeuza jicho, ndiyo maana niliona mtoto mmoja kama wawili. Huwapata waliojifungua karibuni, alisema. Ningechelewa, ningepofuka, au nisingeamka. Nikachomwa sindano tumboni asubuhi na jioni, za kuzuia damu isizidi kuganda. Sasa ni vidonge, kwa miezi kadhaa.

Kila siku Kabange alisogea karibu zaidi na dada yake. Jumanne sikumwona tena. Nililia, na mume wangu akadhani nalia kwa kupona.

Leo mama mkwe ameketi kando yangu, macho chini.

“Mi karibu nikuzike na nyimbo yangu.”

Nimemshika mkono. Sijamwambia kwamba nami nilikuwa nikiimba naye, kimoyomoyo, na sikutaka nyimbo ziishe.

Kesho nitameza kidonge changu tena. Lakini mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa, mtu humlilia hadi lini?