Reli Inayopita Pale Tulipokuzika

Dada yangu Chebet,

Treni uliyoipigania imekubaliwa. Watu wanafurahi, na mimi sijui nimwambie nani mwingine jinsi ninavyoiogopa.

Nakukumbuka ukipita nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu, nje ya Kericho, siku tulipoonyeshwa ramani ya kwanza ya reli ya mjini. Ilianzia kwenye mahoteli, ikapita kwa maofisi, ikaishia kabla ya kufika kwetu kwa wachuma chai. Wanawake wetu, wanaotoka alfajiri kwa miguu kwenda kufagia hizo hoteli, hawakuwekewa hata kituo. Ulifunga duka lako la kushona, ukawakusanya. Kwenye mkutano wa wananchi ulisimama na jirani yetu mzee anayetembelea magongo.

"Hii reli ni ya pesa yetu sote," ulisema. "Mbona inabeba wengine na kutuacha sisi kwa matope?"

Mkubwa wa mipango aliikunja ramani. Mimi nilikuwa nyuma yako. Niliona jinsi ulivyoshika kiti ili usianguke kwa woga.

Kisha mvua ndefu ikaja na nimonia. Tulikuzika kwenye pembe ya shamba, karibu na michai.

Ramani mpya imeletwa mwaka huu. Kituo chetu kipo, na njia ya wenye magongo ipo. Lakini reli inakata ile pembe. Inapita juu yako.

Wale wanawake uliowakusanya walikuja nyumbani, wakakaa bila kugusa chai. Walisema wako tayari kuikataa. Sote tulijua ikikataliwa hapa itarudi kule kwa mahoteli. Na wewe unajua vile watu wetu wanaogopa kumgusa aliyekwisha kuzikwa. Mama alisogeza kikombe chake kando.

"Huyu mtoto yangu alizunguka na hiyo maneno mpaka sauti ikaisha," akasema. "Mimi siwezi kumfungia njia. Mhamisheni."

Tulikuhamisha asubuhi, mchungaji akiomba kwa sauti ya chini. Wazee wengine walisimama mbali, wametugeuzia mgongo. Nilishika upande mmoja wa sanduku. Ulikuwa mwepesi sana, Chebet.

Sasa umelala nyuma ya jiko la Mama. Lakini nikipita ile pembe bado nasikia ukiniita, vile ulivyokuwa ukiniita nije tubebe cherehani. Nageuka kila mara. Mama pia hugeuka.

Jana nilimkuta Mama hapo akiwaonyesha wanawake mahali watakaposimama kungoja treni. Wao walikuwa wanacheka. Yeye alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, amekanyaga udongo ule taratibu kama mtu aliye ndani ya chumba cha mgonjwa.

Pumzika, dada. Siku ardhi itakapotikisika usishtuke. Ni kina mama wanaenda kazini.

Mdogo wako, uliyemwachia Mama