Ndoo Uliyotwishwa na Mgeni Rasmi

Maskati

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa chini, miguu umeinyoosha, maana kila nikikukumbuka nakuona umesimama tu. Magoti yanaendeleaje? Na mwanangu Rehema, lile jino la mbele limeshaota? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni za watu. Namshukuru Mungu.

Barua hii nimempa Asha, mwenzangu wa Manyoni anayerudi kwao likizo. Atakukabidhi mkononi pamoja na kitenge ulichoniagiza. Nimeandika kwa herufi kubwa usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Simu yenu mnaweka spika, na Baba Mdogo anakuwa ameketi hapohapo. Mambo ya mwenyekiti wa kijiji siwezi kuyasema naye mwenyewe akisikiliza, hata kama ndiye aliyetusimamia tangu baba alipofariki.

Mama, uliponiambia kwamba mgeni rasmi mwingine anakuja kuzindua maji yaleyale, na kwamba umechaguliwa wewe tena utwishwe ndoo, nilinyamaza. Ukadhani mtandao umekatika, ukawa unaita haloo, haloo. Haukukatika. Nilikuwa na hasira, nikaogopa nitakukosea adabu.

Unaikumbuka mara ya kwanza? Picha yako ilinifikia mpaka huku. Mgeni amevaa miwani myeusi, ameshika ndoo kwa mikono miwili anakutwisha, na wewe unacheka mpaka mapengo yanaonekana. Wenzangu wakanipongeza, "Hadija, kwenu maji yamefika." Nikawanunulia soda. Nikalala nikijua Rehema ataamka, ataoga, ataenda shule kama watoto wa wenzetu. Kumbe maji yenyewe yaliletwa na boza asubuhi, likajaza tangi. Wageni wakapiga makofi, wakala kuku wetu, na walipoondoka bomba likakohoa likanyamaza. Hata ndoo haikuwa yako. Ulinisimulia mwenyewe, tena ukicheka: picha zilipokwisha, mtendaji wa kijiji akaipokea kichwani kwako, akamwagilia maua yaliyopandwa asubuhi ileile, akairudisha ndoo kwenye gari. Wewe ukaenda nyumbani, ukabadili nguo, ukachukua dumu ukashuka korongoni kuchimba maji mchangani. Mimi sikucheka, mama. Mpaka leo sijacheka.

Tangu hapo tumeambiwa nini? Mara pampu haijafika, mara imefika lakini fundi wa wilayani yuko safarini, mara kamati haijakaa. Nikimuuliza Baba Mdogo ananijibu, "Mwanangu, mradi haujafa, uko kwenye mchakato." Mchakato gani huo usiotoa hata kikombe cha maji? Zahanati nayo iko kwenye mchakato: unapimwa, unaandikiwa, halafu unaambiwa dawa ukanunue dukani Issuna. Nguzo za umeme zimesimama mpaka mbuzi wamezizoea kujikunia, nyaya ziko kwenye mchakato. Ila barabara, akisikika tu mgeni anakuja, greda linapatikana. Mke wa kaka Juma alipopakiwa kwenye pikipiki na uchungu wake, anarushwa kila shimo mpaka akajifungulia njiani, hilo greda tuliambiwa bovu.

Hapa ninapofanya kazi, kila jioni mama mwenye nyumba ananituma nimwagilie majani ya uani. Majani tu, hayaliwi na mtu wala mbuzi. Nashika mpira, maji yanatiririka mpaka barabarani, na mimi nawaza kata yako ya kibuyu, unavyoteka kidogo kidogo huku unasubiri maji yajikusanye mchangani. Siku moja nililia palepale, akadhani nimefiwa. Na huku ni jangwa, mama. Kwetu mvua inanyesha, alizeti inakubali, lakini maji ya bomba tunayaona siku ya wageni.

Anayeniuma zaidi ni Rehema. Shule inataka kila mtoto aje na kidumu, maji ya vyoo na ya walimu. Akipitia korongoni kwanza anachelewa, anachapwa. Akiwahi mikono mitupu anarudishwa. Nilimwacha kwako nije huku ili asome, na ninachomlipia ni kuchota maji. Juzi alinipigia kwa simu ya shangazi, nikamuuliza kama safari hii wametengeneza kweli. Akasema, "Mama, wamepaka tangi rangi ya bluu. Pampu hamna, mimi nilichungulia." Mtoto wa darasa la tatu anajua kuchungulia. Hao wanaokuja na magari sijui wanaangalia nini.

Nilitaka nikwambie ukatae. Neno hilo nimeliandika nikalifuta, ukiangalia vizuri utaona karatasi imechubuka. Huwezi kumkatalia shemeji yako mbele ya watu. Watasema familia ya marehemu ina kiburi, na mbegu za ruzuku zikija jina lako halitaonekana. Halafu najua jambo jingine, usinikasirikie. Najua ulipenda. Umebeba maji tangu ukiwa msichana, na hakuna mtu mkubwa aliyewahi kukushikia mzigo hata siku moja. Wamelijua hilo wakalitumia. Hapo ndipo ninapowachukia.

Nisalimie kaka Juma na mkewe, na yule mtoto wao aliyezaliwa njiani. Nisalimie shangazi, mwambie ahsante kwa simu yake. Dada aliyeolewa Kinyangiri naye nisalimie ukipata mtu wa kwenda huko. Baba Mdogo mpe shikamoo yangu, na usimwambie nimeandika nini.

Sasa, kuhusu siku hiyo. Kitenge kivae, rangi yake inakufaa. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini nenda na ndoo yako mwenyewe, ile nyekundu yenye mfuniko wa kufunga kwa kamba. Mtendaji akikuletea ya kwake, mwambie kichwa chako kimezoea hii. Mgeni akishakutwisha, usisimame kungoja picha, wala usiinamishe kichwa mtu akaipokea. Pita katikati ya viti vyao, polepole kwa ajili ya magoti, uende nayo nyumbani. Boza litakuwa limejaza tangi. Angalau siku hiyo Rehema aoge mwili mzima.

Ni mimi mwanao, ambaye bado namwagilia majani ya watu,

Hadija