Ruta Yangu, Modemu ya Kulwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ruta imefika! Nimeinunua kwa hela yangu ya kuuza vitenge, nimeifunga chumbani kwangu. Modemu ya kaka yangu Kulwa iko sebuleni, Wi-Fi yake ilishakufa, siku hizi inatoa intaneti kwenye waya tu. Na huku Misunkumilo simu ikiwa ndani ya nyumba haishiki kitu, ni ile antena yake juu ya bati ndiyo inavuta. Basi nikavuta waya kutoka kwake mpaka kwangu. Taa zote kijani. Intaneti — hola! Inakuja kidogo, inakata.

Na Ijumaa mama anafanyiwa upasuaji Mwanza. Mama mdogo Bernadetha anayemuuguza kasema watapiga video kabla hajaingizwa. Mama anataka atuone wote wawili, mapacha wake, pamoja. Lazima hii kitu ikae sawa.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi Shadrack kaja kutoka Majengo. Kaangalia, kacheka. Kumbe modemu na ruta zote zimetoka kiwandani na anwani moja ya IP: 192.168.1.1. Kila moja inajiona ndiyo mkubwa wa nyumba, zinavurugana. Kasema dawa ni ndogo tu. Moja ibadilishwe, ile namba ya tatu isiwe moja, iwe mbili. Akauliza, tubadilishe ipi?

Kulwa akadakia: ya Doto! Eti Doto ni wa pili tangu tumboni, na sisi Wasukuma tunajua hilo. Robo saa! Kanitangulia robo saa tu, na robo saa hiyo nimeilipa miaka arobaini na moja. Kulwa anawe kwanza. Kulwa aanze shule kwanza, Doto asubiri mwakani. Nikasema ruta yangu haiguswi, ibadilishwe ya kwake.

Shadrack akasema jamani, hiyo ni namba tu, hata hamsini inakubali. Nani amsikilize! Kulwa akamwambia, mbele ya mkewe Lucia, kwamba mimi hata kwa mume nilirudishwa, sasa nimekuja kutafuta ukubwa kwenye mashine. Lucia akacheka. Akacheka mpaka akajishika kiuno, mshenzi yule. Shadrack akafunga begi lake akaondoka.

Jumatano, 10 Septemba

Hakuna intaneti. Hatusemeshani. Lucia kapika, kaniachia sufuria tupu. Sawa tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimebadilisha. Mwenyewe! Nilisimama barabarani kwenye mtandao nikampigia Shadrack, akanielekeza, nikarudi ndani nikafungua ukurasa wa ruta. Sikuandika mbili ng'o, nimeandika hamsini. Ikazima, ikawaka, intaneti ikaja safi kabisa.

Hawajui. Nimeweka na neno la siri jipya. Kulwa anazunguka sebuleni na simu mkononi, anauliza bado tu? Nikasema bado. Raha niliyoisikia! Aje aniombe. Akinibembeleza nitampa.

Jioni mama mdogo katuma ujumbe: kesho saa tatu asubuhi. Kulwa akaniuliza wanapiga saa ngapi. Nikasema saa sita. Lilinitoka tu, na sikulirudisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tatu wamepiga kweli. Nimejifungia, nimevaa kitenge kipya ili mama anione. Amekonda jamani, shingo imebaki mishipa mitupu. Mama mdogo kamshikia simu. Mama kaniangalia, kaangalia pembeni yangu. Neno lake la kwanza: "Kulwa yuko wapi?"

La kwanza! Hata salamu hakunipa. Mtu anaenda kupasuliwa, dripu mkononi, na bado ni Kulwa kwanza!

Nikamwambia: hataki kuja, mama. Yuko hapo sebuleni, nimemwita, amekataa.

Hakulia. Aliuliza kwa Kisukuma, taratibu, mwanangu nimemkosea nini. Halafu akageukia ukutani. Nikaita mama, mama, mimi niko hapa! Hakugeuka. Wakaja kumchukua, mama mdogo akakata.

Saa tano sasa. Mama mdogo kaandika: bado yuko ndani, presha inashuka, madaktari wanahangaika, tusali. Na kauliza huyo Kulwa ana roho ya namna gani.

Katikati ya ujumbe intaneti ilikata, ikarudi. Sikuelewa. Sasa nimeelewa, maana Kulwa yuko mlangoni kwangu anagonga. Anasema amechomeka laptopu kwenye modemu tangu asubuhi, yeye na Lucia, na amefanikiwa. Amebadilisha ya kwake. Ameiandika mbili. Basi yaishe, anasema, mama ni wetu wote. Namchungulia kwenye upenyo wa mlango: amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Anasema kiti changu amekiweka katikati ili mama anione vizuri. Anaomba nitoke tujaribu mtandao, saa sita inakaribia.

Simu yangu imewaka tena, ni mama mdogo, anapiga. Sijapokea. Kulwa ameisikia, anauliza kama ndiyo wao.