Jogoo Aliyetolewa Mapema

Kambi ya Korona,
Muheza.
Jumapili, 19 Oktoba 1958

Kwa mama yangu mpenzi, Bibi Kristina,
Bumbuli.

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua sasa baridi ya huko milimani imepungua. Mimi sijambo kabisa, nakula nashiba na usingizi naupata. Nawaulizia wote wa nyumbani, pamoja na yule ng'ombe mkorofi anayempiga teke kila mtu isipokuwa wewe. Mwinjilisti wetu Bwana Timotheo, ambaye najua anakusomea barua hii kibarazani baada ya ibada huku majirani wametega masikio, naye nampa salamu nyingi. Namwomba leo asome polepole na asiruke neno.

Mama, nina habari kubwa, lakini sharti nianzie mbali kidogo. Unakumbuka siku baba aliponiteremsha Mombo kwenda kuuza maharage, nami hata meno ya mbele sijaota sawasawa. Pale stesheni nilimwona dereva wa garimoshi ameshika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akalisimamisha garimoshi zima bila kumwaga hata tone. Baba alikuwa akisema kwamba siku ile alikwenda na mtoto akarudi na wazimu. Kweli, nililima huku nikipiga honi kwa mdomo, na shuleni nilichapwa kwa kuchora magurudumu mahali pa hesabu.

Nilipoaga kuja huku mwaka 1950, baba alinipa miaka miwili. Alisema ikipita sijawa dereva, nirudi nishike jembe lake kule bondeni, nioe, na habari za garimoshi niwaachie wenyewe. Nilikubali upesi, kama anavyokubali mtu asiyejua anakubali nini.

Huku sikupewa garimoshi, nilipewa kisu cha kukatia mkonge. Miiba ya mkonge haiulizi mtu ana ndoto gani, mama. Nilikata, nikahamishiwa kwenye kutandika reli, kisha mnyapara akanipeleka kubeba magogo ya kuni na kuyatia katika kile kigarimoshi kinachovuta mkonge kutoka mashambani hadi korona, yaani kiwandani unakosagwa ukatoa nyuzi. Dereva wake alikuwa Mzee Mwinyijuma, mtu wa Moa. Alinipokea kwa kuniambia kwamba garimoshi ni kama mke wa mtu, hutazamwa tu, halishikwi.

Ikaja Ramadhani. Mzee amefunga, jua la alasiri linawaka, na tanuri la moto liko mbele ya kifua chake. Siku ya nne alisema kiu itamuua kabla ya siku zake, akahamia behewa la nyuma penye upepo, akaniachia mimi mpini. Niliendesha, na kila kosa nililofanya alinitukana kutoka kule nyuma, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kutukana akiwa na saumu. Jua likizama alifungua kwa tende na muhogo, akachukua garimoshi lake, nami nikarudi kwenye magogo. Basi mama, shule yangu ilikuwa hiyo, mwezi mmoja kwa mwaka, alasiri peke yake. Wenzangu wa hapa kambini walishangilia mwezi wa Idi ulipoandama, mimi nikanuna, maana shule imefungwa. Pilau la Mzee nililila vilevile.

Mara ya kwanza nilipopewa mtihani, mwaka 1954, mbuzi walisimama katikati ya reli. Nilifunga breki kwa nguvu hata mabehewa matatu yakalala ubavu na mkonge ukajaa mtaroni. Mbuzi walisalimika, jina langu ndilo lililoumia. Mara ya pili, mwaka 1956, nilipita vizuri, lakini nafasi akapewa mwingine na mimi nikaambiwa nisubiri. Nilikasirika sana, nikafunga mizigo yangu, na kesho yake nikaifungua.

Mwaka huu macho ya Mzee yameingia ukungu, naye ameamua kurudi kwao. Kabla ya kuondoka alimwendea fundi mkuu akamwambia anijaribu tena, na kwamba nikishindwa yeye atarudi kuendesha hivyo hivyo asivyoona. Jumatatu iliyopita nilishuka na mabehewa kumi na manane yaliyojaa mkonge, nikasimama korona penye alama, si mbele wala si nyuma. Fundi mkuu akaandika jina langu. Mzee Mwinyijuma alilia, nami nililia, na mchochea moto wangu mpya akatutazama asielewe kuna msiba gani.

Sasa, Bwana Timotheo, hapa usipunguze sauti. Najua majirani wanatazamana. Wanauliza, ikiwa Zebedayo amekuwa dereva Jumatatu, ile barua ya mwaka 1952 ilisema nini. Ilisema mimi ni dereva, na ulikuwa uongo. Miaka miwili ilikuwa imetimia, baba ameniletea salamu kwamba jembe linanisubiri, nami nina gogo begani. Nikaandika uongo kwa mkono huu huu. Na wewe mama ukamchukua jogoo wako mwekundu, ukampeleka kanisani sikukuu ya mavuno, ukasimama mbele ya watu wote ukamshukuru Mungu kwa kazi ambayo sikuwa nayo. Habari ya jogoo yule ilinifikia huku nikiwa bado nabeba magogo. Tangu hapo kila barua yako iliniulizia garimoshi langu, nami nikakujibu kama dereva. Baba alipofariki mwaka 1955 nilikuja, watu wakanipisha njia kwa heshima, nikamtupia udongo baba yangu nikijua nimemdanganya mpaka mwisho. Hilo ndilo lililonitesa kuliko magogo.

Lakini Jumatatu ile ile Noa, mtoto wa jirani yetu, anayeanika nyuzi hapa tangu 1953, alikuja kunipongeza. Nikamwungamia uongo wangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza alichokificha. Kumbe Krismasi yake ya kwanza alipokuja likizo aliwaambia wewe na baba kwamba ameniona nabeba kuni. Anasema ulimwonya afunge mdomo wake, kwa kuwa jogoo umekwisha kumpa Mungu na huwezi kwenda kumdai, kilichobaki ni mtoto kuifikia shukrani iliyokwisha tolewa. Na baba aliisogeza sahani yake kando, akauliza neno moja tu, kama magogo hayo ni mazito. Noa akamjibu ni mazito sana. Baba akasema basi, mwacheni, asiitwe.

Mama, nimeyarudia maneno hayo kila siku wiki hii nikiwa juu ya reli, na kila mara macho yananilowa. Miaka mitano umeniulizia garimoshi unajua fika sina. Nilidhani unanichoma, kumbe unanisukuma. Asante mama. Asante sana. Sina neno jingine kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningekupa.

Krismasi nitakuja, Mungu akipenda. Nitasimama mwenyewe mbele ya usharika, niseme kwa mdomo wangu haya niliyoyaandika, kisha nitakwenda na wewe tukapalilie kaburi la baba.

Mzee Mwinyijuma anakusalimu sana na anakuombea afya. Noa anawasalimu wazazi wake. Wasalimie wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa jina lake, nisije nikamsahau mtu nikanuniwa. Mungu akulinde, mama, tuonane na heri.

Mimi mwanao akupendaye,
Zebedayo,
dereva wa garimoshi tangu Jumatatu.