Wimbo wa Kumi na Mbili

Detroit,
Jumatatu, 8 Februari 1965

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi. Goti linaendeleaje na baridi hii? Yale mafuta ya kuchua yamekufikia? Sisi hatujambo. Roscoe ameota jino la pili na ananing'ata. Alvin ameingia zamu ya asubuhi kiwandani, nami nakuandikia nepi zikichemka jikoni. Ukiona doa la maji kwenye karatasi, ni hilo tu.

Mama, santuri yetu kubwa imekamilika. Nyimbo kumi na mbili, ya kwanza kabisa kwa kundi letu la Hazelines, na juu ya jalada tupo sote wanne na magauni ya kijani niliyoyashona mwenyewe. Najua hukupenda niimbe nyimbo za dunia. Ulisema nikitoka kwenye kwaya nisitoke na cha kwaya. Sijasahau, ndiyo maana mkono wangu mzito leo.

Jumamosi tulikuwa na nyimbo kumi na moja. Bwana Crutcher, mwenye studio, alisema kiwanda cha santuri hakipokei pungufu, kila mmoja atoe alichonacho. Claudine mwenzangu akatoa wake, na Thurman wa piano akasema unafanana na tangazo la sabuni. Tulicheka, lakini wapiga ala walishaanza kuvaa makoti. Hapo Roscoe akaamka ndani ya kasha la gitaa nilimokuwa nimemlaza, akaangua kilio. Nikampakata, nikaanza kumwimbia taratibu. Nilipoinua kichwa, Thurman alikuwa ananifuata kwa piano na wapiga ala wanavua makoti tena. Bwana Crutcher akasema, "Usisimame, binti. Endelea hivyo hivyo."

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Unajua wanavyofanya huku: palipo na Yesu wanamweka mpenzi, wanaongeza makofi, basi. Claudine akanitania eti miaka yote hii nimemficha mwanamume mzuri kanisani. Niliongoza mimi, wao wakaitikia. Sauti ya namna ile haijawahi kunitoka.

Ni wimbo wako, Mama. Ule uliomwimbia Baba siku ulipomwosha kabla ya kuzikwa, umepiga magoti, na tangu siku hiyo kanisani hakuna anayeuanzisha isipokuwa wewe.

Na kuna baya zaidi. Bwana Crutcher aliniuliza ni wa nani, kalamu iko mkononi. Nikasema ni wa zamani tu, hauna mwenyewe. Nilisema hivyo mbele ya watu, nimempakata mjukuu wako. Niliogopa nikikutaja atauacha, na santuri ikwame. Akaandika jina lake mwenyewe.

Jana baada ya ibada nilikwenda kumwambia nilidanganya. Nikamwambia ama liandikwe jina lako, Odessa Pettway, ama sauti yangu iondolewe. Alifoka, kisha akalifuta lake. Wenzangu ndio hawanisemeshi. Claudine ameniambia miaka minne wamenibeba, mimba na yote, na leo nakuja kujifanya mtakatifu.

Lakini jina peke yake halitoshi, nataka ruhusa yako. Jalada linakwenda kuchapwa Jumatatu ijayo. Ukikataa, wimbo utaondolewa na santuri itakufa, nami nitalibeba hilo mbele ya wenzangu. Ukikubali, utausikia wimbo wako redioni, na kanisa zima litasikia ulichomwimbia Baba. Siombi unionee huruma. Naomba jibu, hata la hasira. Nipigie kutoka dukani kwa Bwana Ott.

Alvin anakusalimu. Wasalimie akina mama wa kanisani, kama bado watataka salamu zangu. Roscoe naye angekusalimu, ila ndiye huyu analia. Tangu Jumamosi sijamwimbia wimbo ule, na hana mwingine anaolalia. Naweka kalamu nikambebe, nitembee naye kimya mpaka nikusikie.

Mwanao,
Verlene