Mwiko Niliompiga Mkwe Wangu

Kidawa, uko wapi? Nimejifungia jikoni. Nimeaibika leo shoga yangu, uso sijui niuweke wapi.

Pikapu ya mjukuu wangu Nurdin si unaijua? Tangu asubuhi anahangaika kutoa shokapu za mbele, nati zimeshikwa na kutu hazizunguki. Nikamwambia zimwagie mafuta ya taa, uziache zilowe. Hasikii, nyundo tu.

Natoka nje, naona miguu imechomoza chini ya gari. Nikaupiga mmoja mwiko. Mwiko, Kidawa! Nikasema, "Toka huko! Kichwa kigumu kama cha baba yako!"



Halafu sauti huko chini: "Shikamoo, mama."

Ndiye huyo baba yake! Mkwe wangu Abilahi, ambaye hata mkono sijawahi kumpa! Kumbe alikuja kumsaidia mwanawe.

Nikakimbia. Hata kuitikia sikuitikia.

Sasa hivi binti yangu kaja mlangoni, anacheka: "Mama, nati moja imelegea, mafuta ya taa uliyosema yamesaidia. Ila mkwe wako anasema ya pili haigusi mpaka apate marahaba yake."

Nitaisemaje, Kidawa? Mwiko bado ninao mkononi.